Daraja la Nne

Mama Pacha alipoiona ile namba kwenye kompyuta ya mhasibu, jambo la kwanza alilofanya ni kucheka. Hakikuwa kicheko cha furaha wala cha dharau. Kilimtoka tu, kama kikohozi. Alidhani mhasibu amefungua hesabu ya wodi nzima.

"Hapana, kaka yangu," alisema, akigonga kioo cha dirisha kwa ukucha. "Mimi nimemfuata yule fundi makochi. Aliyepasuliwa utumbo. Mmoja tu."

"Ndiye huyo mmoja," mhasibu alijibu bila kuinua uso. Alikuwa kijana mwenye miwani na shati lililonyooka kwa pasi. "Laki tisa na elfu arobaini. Na hiyo ni mpaka jana."

Kicheko kikakatika. Nyuma yake foleni ilinyamaza kwa adabu ya watu wanaojua kwamba zamu yao inakuja. Kifuani, ndani ya leso iliyopigwa fundo, Mama Pacha alikuwa na laki moja na nusu. Humo mlikuwa na akiba ya saluni, michango ya ndugu, na deni la mteja mmoja aliyekubali kulipa baada ya kufuatwa mpaka mlangoni kwake. Asubuhi alipokuwa akizifunga zilikuwa pesa nyingi. Sasa zilimwasha tu.

"Mpaka jana kwa nini?"

"Kitanda kinaendelea kuhesabiwa, mama."

"Kitanda gani? Daktari amemruhusu tangu wiki iliyopita, na kitanda mkamnyang'anya siku hiyohiyo! Analala chini, kwenye mkeka niliomletea mwenyewe."

"Kwenye mfumo tunaita kitanda. Maana yake ni nafasi."

"Nafasi ya sakafu."

"Nafasi, mama."

Mama Pacha alikuwa msusi. Alikuwa amepatana bei na wanawake wa kila namna: wanaolia, wanaonuna, na wale wanaokaa kimya mpaka nusu ya kichwa imeshasukwa ndipo wanasema pesa haijatimia. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba hospitali ni mahali pa kupatana. Kwake bei ya hospitali ilikuwa kama uzito wa mtu: mizani ikishasema, imesema. Neno lililofuata lilimtoka kwa mazoea ya mdomo tu.

"Nipunguzie basi, kaka."

Mhasibu akabonyeza vitufe viwili vitatu. "Hizi siku za baada ya kuruhusiwa naweza kuziondoa."

Mama Pacha akatoa macho.

"Huu usafi wa chumba cha upasuaji umeingia mara mbili. Nautoa mmoja." Akabonyeza tena. "Na hapa kuna ada ya usiku. Aliletwa usiku?"

"Mchana kweupe! Jua la utosi."

"Basi haimhusu. Laki saba na nusu."

Mama Pacha hata pumzi hakuwa ameishusha. Karibu laki mbili zilikuwa zimeyeyuka mbele ya macho yake kwa neno moja la kuomba, neno ambalo wateja wake walilisema kila siku kwa ajili ya vijisenti. Alipaswa kushukuru. Badala yake alijiona kama mtu aliyeegemea ukuta akakuta ni pazia.

"Kumbe inapungua?"

"Kwa anayeomba."

"Na asiyeomba?"

Mhasibu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Kando ya foleni, mzee mmoja aliyekuwa ameshalipa aliitazama risiti yake, akamtazama Mama Pacha, kisha akairudia risiti na kuanza kuisoma upya kutoka juu.

"Chini ya hapo mimi sina mamlaka," mhasibu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nenda ustawi wa jamii, chumba cha mwisho, jirani na choo. Watakuja nyumbani waone hali yenu. Wakiridhika, wanaweza kukukatia hata nusu. Lakini wanakagua, mama. Wanakagua kwelikweli."

* * *

Waliopona bila kulipa waliwekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, nyuma ya wodi ya wanaume. Mlango ulikuwa wa nondo. Mlinzi alikaa nje kwenye kiti cha plastiki, na mtu akitaka kwenda haja alimsindikiza, akamsubiri mlangoni, akamrudisha.

Fundi alikuwa ameegemea ukuta, kiganja kimoja tumboni, mahali penye mshono. Alikuwa amekonda mpaka suruali inafungwa kwa kamba ya dripu. Alipomwona mkewe alijaribu kutabasamu.

"Jela ni afadhali," alisema. "Jela unajua siku ya kutoka."

"Usiseme hivyo, Baba Pacha."

"Wasemaje huko mbele?"

Mama Pacha hakumtajia namba ile ya kwanza. Alimwambia ya pili, na hata hiyo ilimfanya Fundi afumbe macho. Kisha akamweleza kuhusu watu wa ustawi, ambao alikuwa ametoka ofisini kwao, kwamba watafika nyumbani Alhamisi mchana kuangalia kama kweli familia haina uwezo.

Fundi alifumbua macho. "Waje kwetu?"

"Kwetu."

"Basi hapo tumekwisha." Alisema kwa huzuni, lakini ndani ya huzuni hiyo mlikuwa na kitu kingine, na Mama Pacha alikijua kwa sababu hata yeye alikuwa nacho. "Watu waingie sebule ile, waone lile kochi la mahameli, waone friji, waone televisheni, halafu waseme hatuna uwezo? Watatucheka."

Ni kweli. Katika nyumba ile ya wapangaji, sebule yao ndiyo iliyotajwa. Mpangaji akipata mgeni wa heshima, kwa mfano mchumba wa binti yake, alikuja kuwaomba aketishwe kwao. Walikuwa wa kuombwa.

"Ongea na dada," Fundi alisema. "Yeye hakosi la kufanya."

Mlinzi akagonga nondo kwa funguo. Muda ulikuwa umekwisha.

* * *

Wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuita mnada ingawa kazi yake ilikuwa kuuza vocha za simu. Hakuhitaji kufikiri.

"Tunahamisha," alisema. "Kila kinachong'aa kinatoka. Ibaki mikeka, sufuria mbili na wewe umekaa chini umeshika tama."

"Wifi, huo si uongo?"

"Uongo ni kusema mdogo wangu analala kitandani na huku analala sakafuni. Huu ni upangaji wa vyombo tu."

Alhamisi asubuhi, pacha walipokwenda shule, kazi ikaanza. Jirani wa chumba cha pili, aliyeitwa Mzee wa Betri kwa sababu ya kuchaji betri za magari uani, alitoa chumba chake kiwe ghala. Wapangaji wengine walijitokeza kusaidia kwa moyo uliozidi kidogo. Mama Pacha aliliona hilo. Walifungua makabati yasiyohitaji kufunguliwa. Walipolivuta kochi kutoka ukutani, mwanamke mmoja akainama nyuma yake na kumaka.

"He! Kumbe huku ni gunia?"

Mama Pacha alihisi uso ukimuwaka. Mahameli ile ilikuwa masalio ya kazi ya tajiri mmoja, na haikutosha. Fundi alikuwa amefunika mgongo wa kochi kwa gunia na kulisogeza ukutani, na kwa miaka yote halikuwahi kusogezwa mbele ya mtu.

"Lirudisheni tu ukutani," alisema. "Anzeni na friji."

Friji ikafika mlangoni, ikakwama. Mzee wa Betri alikuwa chini, mishipa ya shingo imemsimama, mpangaji mwingine juu, na wifi katikati akitoa amri zisizotekelezeka. Ndipo sauti ya kike, ya upole kabisa, ikasikika kutoka uani.

"Hodi wenyewe. Ndiyo kwa Fundi makochi?"

Alikuwa msichana wa umri wa kuanza kazi, raba zake zimejaa vumbi, mwavuli mkono mmoja, faili kwapani. "Natoka ustawi wa jamii. Samahani, niliwaambia mchana, lakini mchana nimepangiwa kwingine."

Mama Pacha alimtazama wifi, wifi akamtazama yeye, na wote wawili wakafungua mdomo kwa pamoja.

"Tunamrudishia mwenyewe, ni ya kuazima," wifi alisema.

"Tunaipeleka kwa fundi," Mama Pacha alisema.

Majibu mawili yakabaki yananing'inia juu ya friji. Mama Pacha alijua kila kitu kimeharibika. Aliliona dirisha la mhasibu, aliziona nondo, alimwona Fundi akisindikizwa chooni mpaka mwisho wa mwaka.

Afisa aliitazama friji, akaitazama televisheni iliyokuwa imelazwa juu ya beseni, akaachia tabasamu dogo la mtu aliyechoka.

"Irudisheni tu ndani, baba, msije mkaumia," alimwambia Mzee wa Betri. "Haibadilishi kitu."

Mama Pacha hakuelewa. Alifikiri maana yake ni kwamba wameshakataliwa.

Lakini afisa aliingia, akakaribishwa kwenye kochi, akaketi, akafungua faili na kuanza kuuliza. Vyumba ni vingapi? Viwili. Maji? Ya kununua. Choo mnatumia familia ngapi? Mama Pacha akahesabu kwa vidole, vikamwishia. Bima? Hamna. Akiba benki? Wifi akaguna.

"Ukikosa wateja siku tatu mfululizo, mnakula nini?"

"Tunakopa dukani."

"Na sasa hivi dukani mnadaiwa?"

"Kidogo."

"Tangu augue, mmeuza chochote?"

Mama Pacha alikunja kingo za gauni lake. "Cherehani," alisema. "Cherehani yake ya makochi. Siku aliyopasuliwa walitaka pesa ya kutangulizia."

"Kwa hiyo akitoka, atafanya kazi na nini?"

Swali lile lilitua sebuleni kama sahani iliyoanguka. Katika mbio zote za wiki hizo, za madirisha na foleni na michango, hakuna aliyeliuliza, hata yeye mwenyewe. Fundi alikuwa hajaambiwa. Mama Pacha alimgeukia wifi kana kwamba wifi ana jibu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika ukoo ule, alimwona wifi akitazama sakafu.

Afisa aliandika kwa muda. Kisha akafunga faili na kumshika Mama Pacha mkono.

"Usiwe na wasiwasi kabisa, mama. Mmefuzu."

"Tumefuzu nini?"

"Tuna madaraja manne. La kwanza analipa yote, la pili nusu, la tatu robo. Nyinyi ni la nne. Hamlipi kitu."

Wifi alipiga kigelegele, akajiziba mdomo katikati. Mama Pacha hakusogea.

"La nne ndiyo wakina nani?"

Afisa alisita. "Ni lugha ya ofisini tu, mama."

"Niambie."

"Fukara."

Mama Pacha alilijua neno lile, lakini siku zote lilikuwa likiwahusu wengine. Fukara alikuwa yule bibi anayelala nje ya soko. Fukara walikuwa watu ambao yeye, Mama Pacha, aliwachangia nguo za pacha zilizowabana. Alitazama sebule yake: kochi, friji iliyorudi mahali pake ikiwa imepinda kidogo, kabati la vioo lenye vikombe vya wageni. Vyote vilikuwepo. Huyu binti aliviona vyote, hakuna kilichofichwa, na bado ameandika alichoandika.

"Dada yangu," alisema, "hilo kochi umelikalia. Umeliangalia vizuri?"

"Nimeliangalia. Zuri."

"Mume wangu ndiye aliyelitengeneza. Hilo si la mtu fukara."

"Wifi!" wifi alinong'ona, akimfinya paja.

"Kuna mtu anataka kulinunua?" afisa aliuliza, si kwa ukali.

Mama Pacha akaipapasa mahameli ya mkono wa kochi.

"Na friji ina nini ndani?"

Ilikuwa na chupa za maji na kopo la dawa ya nywele. Wote mlangoni walikuwa wamekwisha kuviona, kwa maana friji ilifunguka ilipokuwa ikipinduliwa.

"Jana nimeenda nyumba moja, wameng'oa mpaka mlango," afisa alisema akisimama, akiokota mwavuli wake. "Watu wanahangaika bure. Mngeacha vitu vyenu mahali pake." Mlangoni akageuka. "Na kama mmechanga pesa, zitunzeni mnunulie chakula."

Wapangaji walimpisha njia. Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyeliona gunia alikuwa wa kwanza kuinua kabati la vioo na kulirudisha lilikokuwa, polepole, kama la kwake. Kisha Mama Pacha akaelewa kwa nini wote wamenyamaza vile. Kama sebule hii ni daraja la nne, za kwao ni la ngapi?

* * *

Siku iliyofuata mhasibu alimpokea kama mteja mkubwa. Namba kwenye kompyuta ilikuwa sifuri. Fundi aliletwa na mlinzi mpaka dirishani, akiwa amevaa shati safi aliloletewa, na kuwekewa karatasi ya kutia saini ili aruhusiwe kutoka.

Aliisoma. Mama Pacha alimwona akirudia mstari mmoja, midomo ikitembea.

"Hapa pameandikwa nini?" Fundi aliuliza.

"Kwamba unakubaliana na tathmini," mhasibu alisema. "Saini hapo chini."

"Pameandikwa mimi ni fukara."

"Ni utaratibu tu, mzee."

Fundi akaiweka kalamu juu ya kaunta. "Sisaini."

Mama Pacha alidhani amesikia vibaya. Mlinzi naye, aliyekuwa ameshaanza kugeuka, akarudi.

"Baba Pacha!"

"Nina kazi mimi. Nina mikono. Watu wanakalia makochi yangu mji huu wote." Hakupandisha sauti. Mshono haukumruhusu. "Kijana, niandikie nusu."

"Mzee, nusu ya sifuri?"

"Ya ile ya mwanzo. Au robo. Nitalipa kidogokidogo. Mke wangu ana laki na nusu hapo, chukua uanzie. Toa, Mama Pacha."

Mhasibu alivua miwani. Katika maisha yake dirishani pale alikuwa ameona watu wakipiga magoti, wakitukana, wakizimia. Mtu wa namna hii hakuwahi kumwona. Mama Pacha alitoa leso, akafungua fundo, akaziweka noti kaunta. Mhasibu alizitazama, akatazama kompyuta, akajaribu kitufe kimoja, na kingine.

"Haipokei," alisema kwa mshangao wa kweli. "Deni likiwa sifuri, mfumo haupokei malipo. Lazima nifute tathmini yote, na hapo laki saba na nusu inarudi, na usiku wa leo unahesabiwa."

"Futa."

"Subiri!" Mama Pacha alisema. Foleni nzima ilimsikia. Akamshika mumewe mkono, akamvuta kando, hatua mbili tu, kwa kuwa mlinzi alikuwa anawatazama.

"Niliuza cherehani," alisema.

Fundi alimtazama kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Siku ile ile. Ulikuwa umelazwa kwenye machela, umegeuka rangi, hunijui. Walisema bila pesa hawakuingizi. Nikaiuza."

"Cherehani yangu?"

"Yako. Hiyo mikono unayoisema, ukitoka hapa, huna cha kuishikisha. Na lile neno unalolikataa, mimi nimeambiwa sebuleni kwetu, mbele ya dada yako na nyumba nzima. Nililikataa kama wewe. Nikabishana na binti wa watu, nusura aghairi. Halafu nikalimeza, Baba Pacha. Limeshuka. Sasa wewe unataka nilitapike?"

Fundi alivitazama viganja vyake. Rangi kidogo aliyokuwa ameirudisha usoni iliondoka tena.

"Walikupa ngapi?"

Akamtajia.

"Walikupunja," alisema.

"Najua. Sikuwa na muda wa kupatana."

Fundi aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayekubali kipimo. Akarudi dirishani akitembea kwa uangalifu, akaichukua kalamu na kutia saini. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia mkewe. Mhasibu alizisogeza noti nyuma kwa Mama Pacha kwa ncha ya kidole, kana kwamba zina joto.

Nje jua lilikuwa kali. Fundi alisimama getini akipepesa macho. Hakuweza kupanda pikipiki na mshono ule, kwa hiyo Mama Pacha alimwita dereva wa teksi aliyekuwa ameegesha kivulini. Dereva aliwatazama, akaona mgonjwa, akaona hawana njia nyingine, akataja bei. Ilikuwa mara mbili ya bei ya kawaida.

Mama Pacha alivuta pumzi, tayari kumshukia.

"Mpe," Fundi alisema.

"Baba Pacha, hiyo ni—"

"Mpe anachotaka."

Alilisema hilo akiwa ameshika mlango wa gari, mgongo umenyooka kadiri tumbo lilivyomruhusu. Mama Pacha alimtazama mumewe, akamtazama dereva. Kisha akafungua leso na kuhesabu noti za bei ile yote, bila kupunguza hata moja, akazitia mkononi mwa dereva.

Dereva, aliyekuwa amejiandaa kushuka mpaka nusu, alibaki na pesa kiganjani. Aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, kwa wasiwasi, kama watu wanaotaka kumwibia.

"Mna uhakika?" aliuliza.